Gari la Aiskrimu Lilipita Goreth Akilia

Laptop ya kwanza ya Ghislaine nilimuuzia mimi, na nilimuuzia ghali. Betri yake ilikuwa imekufa. Nilijua, naye alijua. Nikaanza na two thousand rand. Akaipindua, akanusa tundu la feni, akasema, "Hii, da Amne, iko na harufu ya kuungua. Nakupa fifteen hundred, na hiyo harufu uniwekee bure." Nikampa. Mtu anayenusa mashine kabla ya kutoa pesa ni mtu ninayeweza kufanya naye biashara, na ndivyo tulivyozoeana.

Hiyo ilikuwa mwaka 2012, hapa Isipingo, kusini mwa Durban, kwenye kiduka changu cha simu na memori kadi karibu na stendi ya taxi. Ghislaine ni Mrundi, mtu wa Ngozi, na hakuwa ametimiza miaka thelathini. Alikuwa akifunga maboksi kwenye ghala moja Clairwood. Boksi linakuja, unalipiga utepe juu na chini, unalisukuma, linakuja jingine. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilivimba, kikashuka, kikavimba tena, mpaka kikaacha kushuka. Na mkono huo ndio anaochorea.

Maboksi yaliyochanika waliruhusiwa kuyachukua. Wenzake waliziba nayo madirisha. Yeye aliyakatakata yakawa watu. Aliwakata kichwa mbali, mikono mbali, akaviunga kwa uzi, akawalaza mezani chini ya simu aliyoifunga kwenye mguu wa kiti. Piga picha, sogeza mkono upana wa punje ya mchele, piga tena. Picha kumi na mbili zinaleta sekunde moja. Nilimwambia hesabu hiyo ni ya mtu asiye na watoto. Akasema ndiyo, hana.

Katuni zake zilikuwa za kutisha, na hakuwa na haya ya kueleza kwa nini. "Katuni ya kuchekesha iko na ushindani," alisema. "Ya kutisha, mwaka mzima hakuna mtu anaitaka, halafu Oktoba wote wanaitaka siku moja." Alisema kweli. Ifikapo mwisho wa Oktoba watu wa huku huvaa masinyago, maduka makubwa hutundika buibui wa plastiki, na mitandaoni kuna watu ambao kazi yao ni kujirekodi nyuso wakitazama vitu vya kutisha. Wewe unamtazama yeye anavyoshtuka. Halowini kwa Ghislaine ilikuwa kama Krismasi kwa muuza kuku.

Mwaka 2014 studio moja hapa Durban, watu wa matangazo na katuni za watoto, ilitangaza kwamba itaweka katuni tano fupi kwenye ukurasa wake mpaka Halowini ipite, na mtengenezaji wa ile itakayoshinda atapewa mkataba wa mwaka. Mezani, kwenye kiti, na barua ya ajira. Mwenye karatasi ya hifadhi ya ukimbizi anajua barua ya ajira ina uzito gani siku ya kwenda kuisasisha karatasi hiyo. Kwa Ghislaine kulikuwa na zaidi. Daktari wa kliniki alimwambia kwamba mwaka mwingine wa maboksi na vidole vile havitashika penseli.

Alichopeleka kiliitwa Viatu Mlangoni. Dakika tatu. Mwanamke anaishi peke yake ghorofani. Anarudi kazini, anakuta jozi ya viatu si vyake mlangoni. Ndani hamna mtu. Kesho yake jozi tatu. Kesho yake kumi, vya wanaume, vya watoto. Siku ya mwisho viatu vimejaa hadi kwenye ngazi, na katikati yake anaona vyake mwenyewe, vile alivyovaa. Anaangalia miguu yake, iko mitupu. Ndipo kutoka ndani kinasikika kilio. Watu wamekuja msibani, na msiba ni wake.

Niliitazama dukani mara moja, sauti ikiwa chini kwa sababu nilikuwa na mteja. Nikasema, "Hii itauza." Ikauza. Ndani ya wiki moja mtu wa Amerika alijirekodi akiitazama, akaruka mpaka kofia ikamdondoka. Akafuata mwingine, na mwingine. Wote walisifu kitu kimoja: kwamba kilio kinapopanda, kwa mbali kunasikika wimbo wa gari la aiskrimu. Nani angefikiria kuweka wimbo wa watoto pale? Waliandika kwamba huyu mtu ana kipaji.

Ghislaine alinisomea maneno hayo bila kufurahi. Nilidhani ni mkono unauma.

Kisha Nokwanda wa studio, binti wa Umlazi aliyesimamia shindano, akapiga simu. Kila aliyebaki kwenye tano apeleke video ya watu wa kwao wakiitazama katuni yake. Sura tu, kama kumi hivi. Ghislaine akasema atawakusanya watu wa ghala. Nikamwambia wa ghala wametawanyika Jumapili, duka langu lipo na viti vipo, niachie mimi. Nikawaita wa kanisani kwao na majirani. Goreth nilimwita mimi.

Goreth ni Mrundi pia, mkubwa kwetu sote wawili kwa miaka, mshonaji kwenye kiwanda cha mapazia Mobeni. Mwezi wa sita mama yake alifariki Bujumbura. Hakwenda kuzika. Ukiwa na karatasi ya hifadhi na ukarudi kule ulikosema umekimbia, karatasi imekufa. Kwa hiyo tukakaa matanga kwake, chumba kimoja na jiko, watu ishirini na sita, viatu mpaka kwenye ngazi. Nilipeleka sukari na majani ya chai.

Jumapili hiyo saa tisa alasiri nilishusha shata la mlango nusu ili mwanga upungue. Goreth alipoinama kupita chini yake, Ghislaine akanishika mkono.

"Da Amne, nani amemwita huyu?"

"Mimi. Viti kumi, watu kumi. Kuna nini?"

"Mwambie hakuna nafasi."

"Amekaa tayari. Nimwondoe kwa sababu gani?"

Ghislaine aliniachia mkono. Akawasha simu ya kurekodi, akawasha katuni, akasimama nyuma ya skrini.

Watu walifurahi kuogopa. Jozi tatu za viatu, wakaanza kupigana viwiko. "Huyu dada hana akili, ahame!" alisema mmoja. "Ahamie wapi na kodi ya Durban?" akajibiwa, wakacheka. Jozi kumi, wakanyamaza. Kisha kilio kikatoka kwenye spika zangu, spika nzuri, na nyuma yake, tiling tiling, gari la aiskrimu.

Hapo nikakumbuka, na niliona wengine wanne au watano wanakumbuka pamoja nami. Siku ile ya matanga, Goreth alipofika pale ambapo mtu hajisikii tena, gari la aiskrimu lilipita chini barabarani likipiga wimbo wake, likasimama, likaendelea kupiga. Mtu akaenda kufunga dirisha. Dirisha likagoma. Tulikaa tukiangalia sakafu, yeye akilia na ule wimbo ukilia, mpaka gari likaondoka.

Kina dada wa mbele walipiga kelele wakashikana. Goreth hakushtuka. Alikaa macho wazi, mdomo umefunguka kidogo, mkono mmoja shingoni kama anayetafuta kifungo. Ilipoisha akainuka, akainama chini ya shata, akaenda zake. Hakumwangalia Ghislaine.

Waliobaki hawakupiga makofi.

"Eleza," nilimwambia Ghislaine tulipobaki wawili.

Akaeleza akiwa anakunja waya. Siku ya matanga Goreth alimwomba arekodi yote, sala, nyimbo, kilio, kusudi itumwe kwa Urbain, kaka mkubwa wa Goreth, ili nyumbani wajue kwamba mama ameliliwa huku pia. Ni kawaida yao siku hizi, wale wasioweza kusafiri. Rekodi ilikuwa ya saa mbili, nzito, haikupita kwenye simu. Goreth akasema, wewe uko na laptop, ikate vipande.

"Nikafungua nikate," alisema. "Nikafika pale. Da Amne, mimi nilikuwa na miezi mitatu natafuta hicho kilio. Nililia mwenyewe, ikatoka kama mbuzi. Nikamlipa Valérie wa kwaya alie, akalia kama yuko kwaya. Nikasema nitapunguza kasi kidogo, hakuna atakayejua."

"Ungeomba."

"Unamwombaje mtu kitu kama hicho?"

Mimi nilikuwa na hesabu. Kosa limetokea, kosa lina mwenyewe, mwenyewe anaweza kuridhishwa. Nimeishi mjini hapa kwa kuamini hivyo.

Jumatatu Nokwanda akapiga. Alikuwa amefurahi mno. Ile sura ya mama wa mstari wa pili, alisema, wameiangalia ofisini mara sita, hawajawahi kuona mtu ameogopa namna ile bila kupiga kelele. Wanataka kuiweka mbele kabisa. Na kwa vile karibu wameshaamua, Ghislaine alete fomu za ruhusa, ya hiyo sura na ya sauti iliyolia, zimesainiwa kabla ya Ijumaa mchana. "Sharp?" alisema, yaani tumeelewana? Ghislaine akasema sharp, akakata simu, akakaa kwenye ndoo.

Jumanne saa ya chakula nilikuwa nje ya geti la kiwanda Mobeni na fomu mbili kwenye bahasha. Goreth alitoka na nyuzi kwenye nywele, akanunua magwinya mawili, maandazi ya huku, kwa mama wa pale, akanipa moja. Alijua nilichofuata.

"Dada Goreth," nilisema, "yule binti amekosea. Hilo sitalipamba. Lakini tuangalie kinachoweza kupatikana. Akipata hii kazi atakupa mshahara wa mwezi wa kwanza, nitasimamia mimi. Na simu mpya kutoka kwangu, leo."

Alitafuna polepole. "Weye unafikiri nimekasirika kwa sababu wazungu wamenisikia?"

"Ningekuwa mimi ningekasirika."

"Wazungu watanijua wapi? Niulize hivi. Urbain amenisikia?"

Sikumwelewa.

"Miezi mine, Amne. Miezi mine ndugu zangu hawanipokelei simu vizuri. Urbain anasema, mama amezikwa, binti yake mkubwa ameketi Afrika Kusini anakula nyama. Nikasema nimelia, tumekaa matanga siku tatu, rekodi inakuja. Nikamwuliza huyu mtoto, umetuma? Anasema, bado nakata, mama Goreth. Wiki inapita, bado nakata." Alifuta mafuta ya magwinya kwenye aproni. "Sasa Amerika wamesikia. Nyumbani bado."

Nimefanya biashara tangu nina miaka kumi na saba, na ni mara chache nimekwenda mahali na bei isiyo ya kitu kinachouzwa. Nilirudisha fomu kwenye bahasha.

Ghislaine hakujitetea. Alisema alipokwisha kuchukua kile kipande, kila akifungua rekodi ili akate vingine aliona aibu, akaifunga. Aliogopa pia. Ikitumwa, mtu ataisikia, kisha siku moja ataisikia kwenye katuni, atafananisha. Bora ingoje Halowini ipite. Hivyo ndivyo alivyopanga. Nikamwambia mpango huo ungemfaa mwizi wa betri. Akasema anajua.

Jioni hiyo tulikaa kauntani pangu, akaikata rekodi vipande kumi na vinne, akavituma kwa Urbain kimoja kimoja kwa mtandao wangu. Kila kimoja nilisubiri alama mbili zitokee. Nilidhani tumemaliza.

Jibu lilikuja Jumatano mchana, ujumbe wa sauti, Goreth akaja nao dukani akauweka kaunta usikike. Sauti ya Urbain ilikuwa ya mtu aliyechoka. Alisema watoto wake wamecheka waliposikia kipande cha tisa. Wanakijua. Kiko kwenye filamu ya viatu, wameitazama kwenye simu pale pale mtaani, hata gari la muziki limo. Akasema: "Goreth, kama machozi hayakutoka, ungenyamaza tu, tungekusamehe. Kuliko kununua kilio kwenye sinema ukasema ni cha mama."

Ghislaine alikuwa ametoka ghalani mapema, yuko nyuma ya pazia la stoo. Alitoka, uso umekauka.

Goreth hakupandisha sauti. Aliniambia, "Toa ile karatasi." Nikaitoa. "Soma hapa. Imeandikwa nini?"

Nikasoma, nikamfasiria: mimi niliyesaini hapa chini, nimetoa sauti yangu kama mwigizaji katika katuni iliyotajwa.

"Mwigizaji," alisema Goreth.

"Ni maneno ya fomu tu, dada. Wanaandika hivyo kwa kila mtu."

"Nikiweka jina hapa, Urbain amesema kweli."

Nilijaribu bado. Mkono wangu ulikuwa umezoea. Nikampigia Nokwanda, nikamwambia kuna tatizo dogo la sauti, tunaweza kuibadilisha tukaweka nyingine? Nokwanda akasema eish, kwa nini, hiyo sauti ndiyo kila kitu, lakini kama ni lazima, ibadilishwe kabla ya saa kumi kesho na iwe nzuri vile vile. Nikamgeukia Ghislaine: umesikia, saa kumi kesho, Valérie anakaa kwenye taa za barabarani, robot ya pili tu kutoka hapa.

"Haiwezekani," alisema.

"Inawezekana. Lipia tu."

"Da Amne, sikuchora kisha nikaweka kilio. Nilichora juu ya kilio. Kila picha imekaa kwenye pumzi yake. Akivuta hewa, mwanamke anainua mguu. Nikitoa hiyo sauti, zinabaki karatasi zinatikisika."

Goreth alimwangalia kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Sijui alimwangalia kwa nini, kwa hasira au kwa sababu kuna mtu amekaa miezi na pumzi zake akizihesabu.

Ghislaine akaomba simu ya Goreth. Akapiga Bujumbura, akaweka spika. Urbain alipopokea, akajitaja jina, jina la baba yake na kilima alichozaliwa, kama wanavyofanya kwao. Akasema, mzee, mimi ndiye niliyetengeneza ile filamu, na kilio kile nilikiiba kwa dada yako siku ya matanga, rekodi mliyopaswa kutumiwa ninyi nikaikalia. Alisema kwa Kirundi na Kiswahili vikichanganyika, maneno machache, bila kulia.

Kisha Urbain akasema, "Weye ndiye mtu wa sinema."

"Ni mimi."

"Sasa nitajuaje kama na hii si sinema?"

Nilimwona Ghislaine akitafuta cha kumthibitishia. Kiunoni alikuwa bado amevaa mkanda wa ghalani wenye utepe wa maboksi.

"Watoto wako wanarudi shule saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na moja. Kwa nini?"

"Waambie waitafute. Pale ilipowekwa kwanza haitakuwepo. Ile filamu ndiyo ingenitoa kwenye maboksi, mzee. Mtu hafuti chakula chake ili kumdanganya asiyemjua."

Urbain akasema, "Tutaona," simu ikakatika.

Nokwanda hakuelewa, na simlaumu. Alimwambia Ghislaine kwamba akijitoa sasa hakuna kurudi, kwamba bosi wake amekwisha chagua, kwamba fomu ni fomu tu. "Are you sure, sisi?" alisema, yaani dada kwa Kizulu. Ghislaine akasema, "Iondoe." Saa tisa na nusu ukurasa ule ulikuwa na katuni nne.

Hapo mtu angependa nimwambie kwamba mambo yalinyooka. Wale watu wa Amerika waliojirekodi hawakuondoa kitu. Viatu Mlangoni imebaki kwenye pembe za skrini zao, ndogo kama stempu, na Goreth analia humo mpaka leo mtu mwenye kofia akiruka. Ghislaine aliwaandikia wote. Mmoja alijibu, akauliza kama hiyo ni sehemu ya hadithi.

Kazi ya studio akapewa kijana wa Pinetown aliyechora mbwa mwenye meno mengi. Ghislaine yuko Clairwood bado. Kazi ameihamishia mkono wa kushoto. Boksi halijali mkono gani unalifunga, penseli inajali. Mwaka jana alijaribu katuni nyingine, mistari ikatoka kama ya mtoto, akaiweka kando.

Na Urbain? Alimpigia Goreth mwezi wa kumi na mbili, walipokuwa wanakaribia kuondoa matanga kule nyumbani, jambo ambalo kwao hufanywa baada ya miezi. Akasema wanawake wakubwa wa ukoo wamegawanyika, wengine wanaamini, wengine hapana, basi siku hiyo apige simu, iwekwe spika katikati ya watu, alie kidogo wamsikie wenyewe. Goreth alinisimulia akiwa dukani, mkoba kwapani.

"Ukamjibu nini?"

"Nimelia mara moja. Sirudii kwa ajili ya watazamaji."

Alikuwa amekuja kununua memori kadi. Alitaka rekodi yote, atampa mtu anayesafiri kwa basi, wasikilize au wasisikilize. Ghislaine alikuwepo, akajifuta mikono, akafungua ile laptop niliyomuuzia na harufu yake. Hawakuwa wanaongea tangu Oktoba zaidi ya salamu.

"Niikate wapi, mama Goreth?"

"Usikate kitu."

"Na lile gari la aiskrimu? Naweza kulitoa. Wasije wakasema tena."

Goreth alifikiri, akitazama mlangoni ambako taxi zilikuwa zinapigiana honi.

"Lilipita," alisema. "Liache."

Tukasubiri mstari wa kijani wa kunakili ujae. Ulipojaa, aliuliza kadi ni bei gani. Nikamtajia bei yake kamili, akailipa.